Kuku wa nani kwenye meza ya mfalme wa Uingereza?

Katika bunge la Uingereza lililokaa kuanzia Novemba 1449 hadi Juni 1450, zilitajwa hesabu tatu zilizowatia watu hasira. Deni la mfalme Henry wa Sita lilikuwa limefika paundi 372,000. Mapato yake ya kawaida yalikuwa paundi 5,000 kwa mwaka. Na nyumba yake, yaani chakula, vinywaji, kuni, mishumaa, majani ya farasi na mishahara ya watumishi, ilikuwa inakula paundi 24,000 kila mwaka.

Mama yeyote anayeuza sokoni anaona mara moja shida iko wapi. Anayeingiza tano hawezi kula ishirini na nne. Lakini mfalme alikula, na mamia ya watu wake walikula, mchana na jioni, siku zote. Raia wa wakati ule walikuwa na ulizo moja: hizo paundi 19,000 zinazopungua zinatoka kwa nani?

Sehemu ilitoka kwa kodi na ushuru wa sufu kwenye bandari. Sehemu ilikopwa kwa matajiri na kwa maaskofu. Na sehemu nyingine, ndogo ukiitazama kwenye vitabu vya hazina lakini kubwa sana ukiitazama kutoka kijijini, ilitoka kwenye banda la kuku la mtu asiye na kitu.

Ili hesabu hizi zieleweke: paundi moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Kibarua wa kawaida alilipwa peni 4 hivi kwa siku, fundi seremala peni 6. Basi paundi moja ilikuwa jasho la kibarua la siku 60.

Nyumba ya mfalme haikukaa mahali pamoja. Ilihama kutoka Westminster kwenda Windsor, kutoka Windsor kwenda Eltham au Sheen, na farasi, mikokoteni, wapishi, wafuaji nguo, mapadri na askari wote nyuma yake. Kila ilipofika, ilihitaji ngano, nyama, kuku, mayai, samaki, bia, nyasi kavu na mikokoteni ya kubeba vyote hivyo. Kwa desturi ya zamani, mfalme alikuwa na haki ya kununua mbele ya watu wengine wote, kwa bei iliyopangwa na watu wake mwenyewe, hata kama mwenye mali hataki kuuza. Waliotumwa kufanya kazi hiyo walibeba barua yenye muhuri wa mfalme. Walipanga bei, walichukua, halafu walilipa baadaye. Au hawakulipa.

Mara nyingi mwenye ng'ombe alibaki na kijiti mkononi. Kilikuwa kipande cha ubao mwembamba kilichokatwa alama pembeni: alama pana kwa kiasi kikubwa, alama nyembamba kwa kiasi kidogo. Kijiti kilipasuliwa katikati, nusu moja ikabaki kwa mdai, nyingine kwa mdaiwa, na siku ya malipo nusu hizo mbili ziliunganishwa ili kuona kama alama zinalingana. Ni njia nzuri kwa watu wasiojua kusoma, maana hakuna anayeweza kuongeza alama upande mmoja bila kujulikana. Lakini kijiti hakiliwi. Mkulima alipaswa kukipeleka mpaka kwa wakubwa wa mfalme, na kama sanduku lao lilikuwa tupu, alirudi nacho nyumbani. Wafanyabiashara wakubwa waliopewa vijiti vya hazina kuu waliweza kuviuza kwa hasara kwa mtu mwenye subira au mwenye ndugu ikulu. Mwanakijiji hakuwa na mtu wa kumuuzia chake. (Vijiti vya hazina vilitumika karne nyingi. Mwaka wa 1834 iliamuliwa kuvichoma vilivyobaki katika majiko ya kupashia moto jengo la bunge mjini London, moto ukawashinda, na bunge lenyewe likaungua.)

Malalamiko juu ya jambo hili yalikuwa ya zamani. Hati Kuu ya mwaka wa 1215, ile ambayo mabwana walimlazimisha mfalme John kuikubali, ilikataza wakubwa wa mfalme kuchukua nafaka au mali ya mtu bila kulipa papo hapo, isipokuwa mwenyewe akubali kungoja. Ilikataza pia kuchukua farasi na mikokoteni ya mtu huru bila ruhusa yake. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mnamo 1331, padri mmoja aliyeitwa William wa Pagula, mwenye parokia ya Winkfield karibu na Windsor, alimwandikia mfalme Edward wa Tatu onyo kali. Parokia yake ilikuwa karibu na makao ya mfalme, basi aliyaona kwa macho. Aliandika kwamba watu wakisikia mfalme anakuja, badala ya kufurahi wanatetemeka. Wanaficha kuku na bata, au wanawachinja na kuwala upesi kabla watu wa mfalme hawajafika. Aliandika juu ya vikongwe maskini wanaonyang'anywa kuku ambaye mayai yake ndiyo chakula cha nyumba. Alimwambia mfalme wazi kwamba kuchukua kitu kwa bei ambayo mwenyewe hakuikubali ni wizi, na kwamba mfalme atajibu mbele ya Mungu. Padri huyo hakuwa askofu wala mtu wa ukoo mkubwa, na barua yake ilihitaji moyo wa ujasiri.

Mwaka wa 1362 bunge lilipata ushindi. Sheria ilitoka ikisema kwamba kuanzia siku hiyo ni mfalme na malkia tu wenye haki hiyo, si kila bwana anayejidai mkubwa. Kwamba malipo yawe papo hapo kwa bei ya soko. Na kwamba jina la wale wakusanyaji, kwa sababu lilikuwa limechukiwa mno, libadilishwe. Wataitwa "wanunuzi". Jina lilibadilika, mkono haukubadilika. Ndiyo maana bunge lilirudia jambo hilohilo tena na tena, na mnamo 1442 sheria ikafika mahali pa kuwaruhusu watu kukataa: kama kitu hakizidi shilingi 40 na mnunuzi hana pesa mkononi, mwenye mali anaweza kumzuia. Ukiangalia barua ya sheria, hapo mwanakijiji ameshinda. Lakini mnunuzi alikuja na watu, farasi na barua yenye muhuri, na mwanakijiji alikuwa peke yake mlangoni.

Basi zile hesabu za 1450 zilianguka juu ya watu waliokwisha kuchoka. Wakati huohuo vita vya Ufaransa vilikuwa vinaisha vibaya. Normandie ilipotea yote kufikia Agosti 1450, na Waingereza waliokuwa wamejenga na kuzaa huko walivuka bahari wakikimbia. Waandishi wa wakati ule wanasimulia jinsi walivyopita katika barabara ya Cheapside mjini London, wanaume, wanawake na watoto, wakibeba matandiko na vyombo vyao vya nyumbani, jambo la kuhuzunisha kulitazama. Hazina iliyokuwa inatumia paundi 24,000 kwa meza ya mfalme haikuwa na kitu cha kuwapa.

Kabla hata Normandie haijamalizika, watu wa jimbo la Kent walisimama. Kiongozi wao aliitwa Jack Cade. Katika karatasi ya malalamiko waliyoitoa, pamoja na mambo ya mahakimu wala rushwa na washauri wabaya wa mfalme, walitaja pia kwamba raia hawalipwi kwa ngano, nyama na vyakula vingine vinavyochukuliwa kwa ajili ya nyumba ya mfalme. Waliingia London mwanzoni mwa Julai 1450. Tarehe 4 Julai walimkata kichwa Bwana Saye, aliyekuwa mkuu wa hazina. Lakini jeshi lao nalo lilianza kupora maduka, watu wa mji wakawageuka, na usiku wa tarehe 5 wakapigana nao kwenye daraja la London. Cade alikamatwa siku chache baadaye na kufa kwa majeraha yake. Wala ngano ya Kent haikulipwa kwa sababu hiyo.

Henry wa Sita aliondolewa katika kiti mwaka wa 1461. Aliyekichukua, Edward wa Nne, alikuwa mtu wa kupenda kula vizuri na kuvaa vizuri, lakini alikuwa na akili ya mfanyabiashara. Mwaka wa 1467 aliliahidi bunge kwamba ataishi kwa mali yake mwenyewe bila kuwalemea raia, isipokuwa kwa mambo makubwa. Watu wake waliandika, mnamo 1472, kitabu kirefu cha kanuni za nyumba ambacho mpaka leo kinaitwa Kitabu Cheusi, na mwaka wa 1478 zikafuata kanuni nyingine.

Ukisoma kanuni hizo, unaona jinsi wakubwa wale walivyoanza kuogopa upotevu. Palikuwa na chumba cha hesabu chenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Huko walikaa msimamizi mkuu, mweka hazina, mkaguzi, mtunza sanduku na makarani wao. Kila idara, ya mikate, ya divai, ya bia, ya jikoni, ya viungo, ya mishumaa, ya kuku, ya farasi, ilipaswa kuleta hesabu ya siku: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Mweka hazina alikuwa na kitabu chake, na mkaguzi alikuwa na kingine cha mambo yaleyale, ili kimoja kikidanganya kingine kiseme. Ni akili ileile ya kijiti kilichopasuliwa, safari hii kwa karatasi na ngozi.

Kila mtu mwenye cheo alikuwa na fungu lake linalojulikana: mikate mingapi, bia kiasi gani, mishumaa mingapi, na kuni kwa miezi ya baridi. Aliyekula nje ya fungu lake aliandikwa. Aliyeleta ndugu na marafiki kula bila ruhusa aliadhibiwa. Mabaki ya meza yalikuwa na mwenyewe pia: yalikusanywa na mtoa sadaka na kugawiwa maskini waliongoja getini, na ilikatazwa mtumishi kuyaficha kwa ajili ya watu wake. Hata vipande vya mshumaa vilihesabiwa. Mwaka wa 1526 Henry wa Nane, mjukuu wa Edward, alikuwa bado anatoa amri kwamba mabaki ya mishumaa na mienge yarudishwe asubuhi. Unaweza kucheka, lakini nta ilikuwa ghali, na mtumishi wa chumbani alijua kabisa bei yake mjini. Kwa njia hizi matumizi ya nyumba ya Edward yalishuka karibu nusu ya yale ya Henry wa Sita. Haki ya kuchukua kwa lazima yeye hakuiondoa. Hiyo ilingoja mpaka mwaka wa 1660.

Edward mwenyewe alijua njaa inavyobisha hodi. Mwaka wa 1470 adui zake walimshinda akakimbilia ng'ambo ya bahari, na mke wake, mwenye mimba kubwa, akaingia na mabinti zake katika kimbilio la abasia ya Westminster, mahali ambapo kwa sheria ya Kanisa hakuna aliyeruhusiwa kumkamata mtu. Hapo tarehe 2 Novemba alimzaa mtoto wa kiume. Hakukuwa tena na idara ya kuku wala idara ya mikate. Mchinjaji mmoja wa London alikuwa anawapelekea nusu ng'ombe na kondoo wawili kila juma, bila kujua kama atalipwa siku moja. Edward aliporudi mwaka wa 1471, alimlipa fadhila kwa kumpa ruhusa ya biashara ya meli.

Binti mkubwa katika kimbilio hilo aliitwa Elizabeth, naye alikuwa na miaka minne. Alirudi humo tena mwaka wa 1483, sasa akiwa na miaka 17, baada ya baba yake kufa. Mwaka huohuo Richard, ndugu ya baba yake, alichukua kiti. Safari hiyo walikaa karibu miezi kumi. Wadogo zake wawili wa kiume, pamoja na yule aliyezaliwa kimbilioni, waliingizwa katika ngome ya Tower na hawakuonekana tena. Mwaka wa 1486 Elizabeth aliolewa na Henry wa Saba, akawa malkia.

Kitabu chake cha matumizi ya mfukoni cha kuanzia Machi 1502 hadi Februari 1503 kimehifadhiwa, na kilichapishwa mwaka wa 1830. Ni kitabu cha karani, kikavu kama vitabu vya makarani wote. Ndani yake mtu anaweza kumfuata malkia mwezi kwa mwezi, hata bila barua yake hata moja.

Kwanza, hakuwa na pesa nyingi mkononi. Aliweka rehani vyombo vyake vya fedha ili apate kukopa. Nguo zake zilishonwa upya na kuwekewa pindo jipya. Viatu vyake vilikuwa vya peni 12, vyenye vifungo vya madini ya bei ndogo. Mumewe alikuwa mtu aliyejulikana kwa kukagua hesabu kwa mkono wake mwenyewe, lakini haielekei kwamba ubahili wake ndio uliomfanya mkewe atie viraka. Pesa za malkia zilikuwa zinakwenda kwa wandugu. Dada yake Katherine alipata paundi 50 kwa mwaka. Na mwaka wa 1502, mume wa dada huyo alipofungwa kwa kushukiwa kwamba yuko upande wa adui za mfalme, ni malkia aliyelipia chakula na walezi wa watoto wao, na hata nguo za mfungwa mwenyewe. Mtoto mmoja alipokufa mwezi wa Julai, alilipia mazishi. Dada mwingine, Bridget, alikuwa mtawa huko Dartford, na yeye pia alipelekewa fungu.

Halafu kuna wale wanawake. Karibu kila mwezi karani anaandika juu ya mwanamke maskini aliyeleta kuku, mwingine siagi, mwingine jibini, mwingine matufaha au cheri, na zawadi ya pesa aliyopewa. Ni kuku walewale ambao vikongwe wa Winkfield waliwaficha miaka 170 kabla. Hapa mwenyewe amemleta kwa mikono yake, amefika mpaka mlangoni, na amerudi na pesa. Tusimfanye malkia kuwa mtakatifu: jiko la mumewe liliendelea kuendeshwa na wanunuzi wenye barua za muhuri, na zawadi ya peni chache haikubadilisha hilo. Bila shaka wengi wa wanawake hao walijua vizuri kwamba kuku aliyepelekwa kwa malkia analipa kuliko kuku aliyengojewa nyumbani. Hiyo pia ni akili.

Kuna malipo mengine yanayomfanya msomaji asimame. Mwanamke aliyekuwa mlezi wa mmoja wa wale wadogo zake waliopotea alipewa kitambaa. Mtu mmoja kutoka Pontefract alikuja akisema kwamba Earl Rivers, mjomba wa malkia, alilala nyumbani kwake wakati wa kifo chake. Mjomba huyo alikuwa amekatwa kichwa huko Pontefract mwaka wa 1483, karibu miaka ishirini nyuma. Karani anaandika "akisema", kama mtu ambaye hana hakika. Malkia alitoa peni 12. Na shilingi 8 zilitoka kwa ajili ya kuwazika watu walionyongwa huko Wapping, ambao vinginevyo labda wangebaki juu ya mti.

Aprili 1502 mtoto wake mkubwa, Arthur, alikufa akiwa na miaka 15. Kitabu kinaonyesha kitambaa cheusi. Baadaye mwaka huohuo kinaonyesha maandalizi ya uzazi mwingine: Desemba, mtawa mmoja alimletea mshipi wa Bikira Maria, ambao wanawake wenye mimba waliufunga ili wajifungue salama, naye akapewa shilingi 6 na peni 8.

Alijifungua mtoto wa kike katika Tower tarehe 2 Februari 1503, kisha akaugua. Mfalme aliamuru daktari aitwe kutoka Kent, upande uleule wa nchi ambao watu wake walikuwa wamedai ngano yao mwaka wa 1450. Elizabeth alikufa tarehe 11, siku aliyotimiza miaka 37, na mtoto naye hakuishi muda mrefu. Karani aliandika gharama za mjumbe aliyetumwa kumleta daktari: shilingi 3 na peni 4 za mtumbwi kutoka Tower mpaka Gravesend na kurudi, kitu kidogo kwa wapiga kasia waliongoja huko, kodi ya farasi, na malipo ya watu waliomwonyesha njia usiku na mchana.